Kilobaiti Ishirini Zatosha
Mhadhara uliotolewa Mutarule, bonde la Ruzizi



Jina la Mutarule limeandikwa sana katika ripoti za vita, hasa kwa sababu ya mauaji ya Juni 2014. Hayo mnayajua ninyi kuliko mgeni yeyote, nami sitayagusa. Nimeomba kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa vyuoni Bukavu na Nairobi, au mbali zaidi: namna ya kupunguza kumbukumbu inayoliwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, katika vifaa vidogo. Nimelileta hapa kwa sababu naamini wenye haja nalo kubwa ni watu wanaoishi mbali na waya wa umeme, chini ya milima inayomwaga maji ghafla.

Nianze na maji hayo. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa, nyumba zikabomoka kwa maelfu. Sange na Luberizi ni mito ya aina ile ile: mifupi, yenye kasi, inayoshuka kutoka milima ya magharibi kuelekea mto Ruzizi. Mvua ikinyesha juu, aliye bondeni huletewa habari na maji yenyewe. Kifaa kikisimama kule juu, kikapima kina cha maji na kutuma namba moja kila robo saa, watu wa chini wangepata dakika ambazo sasa hawana. Dakika hizo zatosha kuamsha watoto na kufungua zizi.

Kifaa cha namna hiyo kimekwisha kutengenezwa Afrika Mashariki. Huko Nyeri, Kenya, Ciira wa Maina na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi waliweka vihisi juu ya mto Muringato. Kihisi hutoa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti hiyo hugonga uso wa maji na kurudi, na muda wa mwangwi ndio unaosema maji yako umbali gani. Namba inayopatikana hupelekwa kwa redio ya LoRa, ambayo kwa nguvu kidogo sana hufika kilomita kadhaa, mpaka kwenye kituo cha kupokelea chenye intaneti. Walichapisha maelezo ya kazi yao ili wengine nao wajenge, na uamuzi huo naupenda kuliko hata kifaa chenyewe.

Sasa chukueni kifaa hicho mkiweke juu ya mwamba, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu kutoka barabara kuu. Majira ya mvua yameanza, na jua linapotea siku tatu mfululizo. Betri ni moja tu, ile ya mviringo iitwayo 18650 ambayo mafundi huichomoa kwenye kompyuta mbovu, ya miliampia-saa 2,600. Tukiweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero yenye Linux kamili, hata ikikaa bure hula karibu miliampia 100. Kwa siku moja ni miliampia-saa 2,400 kwa volti 5, na betri yetu ni ya volti 3.7: haimalizi siku. Tuweke badala yake maikrokontrola ya STM32L072, ambayo huuzwa ikiwa na redio ya LoRa ndani ya kasha moja lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Ikilala, saa yake ikiendelea kuhesabu, hula chini ya maikroampia 2. Tuseme inaamka kila robo saa kwa sekunde 2, na ikiwa macho inakula miliampia 50. Hiyo ni mara 96 kwa siku, sekunde 192, miliampia-saa zisizofika 3. Betri ile ile inapita siku 850 bila kuona jua. Hizi ni hesabu za karatasi, maana betri halisi hupungua yenyewe hata ikiwekwa kabatini. Lakini tofauti kati ya siku moja na miaka miwili haifutwi na kasoro ndogo za hesabu.

STM32L072 ina RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya kilobaiti 20, na flashi, yaani hifadhi ya kudumu, ya kilobaiti 192. Simu ya Android ya bei ya chini yenye gigabaiti 2 ina RAM mara laki moja zaidi ya hiyo. Kila kitu cha mtoni, yaani kerneli, redio, kihisi, saa na usalama, lazima kiingie kwenye hizo 20.

Mtu atauliza kumbukumbu inahusiana vipi na betri. Inahusiana sana. RAM kubwa iliyo kwenye simu na kompyuta ni DRAM: kila biti ni chaji ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kapasita, na chaji hiyo huvuja, kwa hiyo lazima iandikwe upya kila milisekunde 64 au pungufu, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeisoma. RAM ya ndani ya maikrokontrola ni SRAM. Humo kila biti hushikwa na transista 6, haihitaji kuandikwa upya, na inalala kwa mkondo mdogo mno. Ila transista 6 zinachukua nafasi kubwa kwenye silikoni, ndiyo maana SRAM ni ghali na huwekwa kidogo. Kerneli kubwa hukulazimisha kununua DRAM, DRAM inataka betri kubwa, betri kubwa inataka paneli kubwa ya jua, na paneli kubwa juu ya mwamba huonekana na wezi kutoka mbali. Mtu anayepanda kwenda Lemera anajua kwamba kila alichofunga kwenye mzigo atakibeba mpaka juu, kitumike kisitumike. Ndivyo kerneli inavyobeba kila kipengele ulichokiacha ndani yake. Programu ya kawaida ikifungwa hurudisha nafasi yake. Kerneli haifungwi, wala hairudishi.

Wahandisi wa mitandao walikwisha kuvipanga vifaa hivi kwa madaraja. Mei 2014, katika waraka uitwao RFC 7228, walitaja matatu: daraja la sifuri, ambalo RAM yake iko chini sana ya kilobaiti 10; la kwanza, lenye kama 10 za RAM na 100 za msimbo; na la pili, lenye kama 50 na 250. Kifaa chetu cha mtoni kinakaa kati ya la kwanza na la pili.

Msidhani kwamba mfumo endeshi wa kilobaiti chache ni kitu cha maabara. Wengi wenu mnatembea nao mfukoni. Simu ndogo za vibonyezo, zenye tochi na chaji ya siku nyingi, mara nyingi zina chipu ya SC6531E ya Spreadtrum yenye RAM ya megabaiti 4, na inayoiendesha ni kerneli ya ThreadX. William Lamie aliitoa ThreadX mwaka 1997, na ikipunguzwa hadi mwisho huenea ndani ya kilobaiti 2 hivi za msimbo. Ilikuwa mali ya kampuni, na ndani yake hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia bila kulipa. Microsoft ikainunua mwaka 2019, baadaye ikaikabidhi kwa Eclipse Foundation, na leo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kijana wa Mutarule mwenye kompyuta moja na muda wa jioni anaweza kuisoma kerneli ya ukoo ule ule unaoendesha simu ya bibi yake, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Linux hakuna binadamu anayeweza kuisoma yote. Naona hii ni faida kubwa ya udogo, na haisemwi vya kutosha: kitu kidogo kinaweza kujulikana chote na mtu mmoja.

Simu hizo zinafundisha na jambo jingine. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, menyu yake haikuwekwa kwenye simu. Iliwekwa ndani ya kadi ya SIM. Na huduma za pesa mnazoziita hapa kwa kupiga namba yenye nyota hupitia USSD: simu haihifadhi chochote, inaonyesha tu maandishi yasiyozidi herufi 182, na mambo yote yanakaa kwenye kompyuta za kampuni. Waliobuni walihamisha kumbukumbu kutoka mfukoni mwa mteja kwenda mahali penye umeme wa kudumu. Kabla hujaanza kubana kerneli, fanya kama wao, uulize kila data kama ni lazima ikae hapa. Kifaa cha mtoni hakihitaji kujua kina cha hatari ni kipi, wala namba za simu za wakuu wa vijiji. Hayo yakae kwenye kituo cha kupokelea. Kifaa kipime, kitume, kilale. Ila kuna kitu kimoja ambacho ningekiacha mtoni: kumbukumbu ya vipimo ambavyo redio ilishindwa kuvituma. Kina cha maji kwa milimita huingia kwenye baiti 2, maana biti 16 hufika 65,535, yaani mita 65, na hakuna mto wetu utakaofika huko. Baiti 2 kila robo saa ni baiti 192 kwa siku, 1,344 kwa wiki. Kwa kilobaiti moja na kitu tunahifadhi wiki nzima ya mto, na hiyo naiita kumbukumbu iliyotumika vizuri.

Tukisha kuhamisha, tunapima. Nasisitiza kupima kwa sababu nimeona vijana wenye akili nyingi wakikata mahali pasipo na nyama. Katika vifaa hivi msimbo hukaa kwenye flashi na kusomwa papo hapo, bila kunakiliwa kwenye RAM. Kwa hiyo zipo bajeti mbili tofauti, na ukiokoa kilobaiti 10 za flashi hujaokoa hata baiti moja ya RAM. Programu inapounganishwa hutoa faili la ramani linaloonyesha kila kitu kimewekwa wapi na kina ukubwa gani. Lisomeni kama mnavyosoma hesabu za chama cha akiba. Zephyr, mfumo ulioanzishwa Februari 2016 chini ya Linux Foundation, una amri za ram_report na rom_report zinazopanga matumizi yote kama mti, toka shina mpaka tawi la mwisho.

Mlaji mkubwa wa RAM, ambaye hata faili la ramani halimwoneshi vizuri, ni staki. Kila kazi inayojitegemea hupewa staki yake ya kuwekea mahesabu ya muda, na mwandishi mwenye hofu huipa kilobaiti 2 ili moyo utulie. Kazi 6 ni kilobaiti 12, zaidi ya nusu ya RAM yetu, na sehemu kubwa ya hizo haitaguswa kamwe. FreeRTOS, kerneli iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na sasa iko chini ya Amazon, ina njia ya kuuliza ni nafasi gani ndogo kabisa iliyowahi kubaki kwenye staki ya kila kazi. Endesha kifaa siku kadhaa katika hali zote mbaya: redio imekatika, kihisi kinatoa upuuzi, betri inakaribia kufa. Kisha soma alama hiyo, ukate, ukiacha akiba ya kweli. Staki ikipita mpaka wake hutafuna data ya jirani, na kifaa kinaanza kusema uongo kabla hakijafa. Mto unapanda nacho kinatangaza kwamba umeshuka: huo ndio ubaya mkubwa kuliko kunyamaza.

Baada ya hapo jiulize kama kazi 6 zinahitajika. Mwaka 2005 Adam Dunkels na wenzake huko Uswidi walieleza njia waliyoiita protothread, ambapo nyuzi nyingi za utendaji zinatumia staki moja, na kila uzi unahitaji baiti 2 tu za kukumbuka ulipoishia. Dunkels ndiye pia aliyeandika Contiki na uIP, mfumo mdogo wa mawasiliano ya intaneti. Kwa kifaa kinachopima, kutuma na kulala, njia hiyo inatosha kabisa, na mimi ningeanza nayo kabla ya kuomba kerneli yenye mambo mengi.

Yaliyobaki ni ya haraka. Jedwali lisilobadilika, kwa mfano la kurekebisha mwendo wa sauti kulingana na joto la hewa, litangazwe kuwa halibadiliki ili libaki kwenye flashi. Ukilisahau neno hilo moja, linanakiliwa kwenye RAM. Usichapishe namba zenye nukta za desimali, kwa sababu msimbo wa kuzipanga huleta kilobaiti kadhaa. Pima kwa milimita, tumia namba nzima. Na usiombe kumbukumbu wakati kifaa kikiwa kazini: nafasi hukatikakatika vipande vidogo, kisha kifaa kilichofanya kazi miezi mitano kinaanguka mwezi wa sita, katikati ya mvua, na hakuna anayejua sababu. Tenga kila kitu mwanzoni.

Sasa nawageukia mafundi wa ruta, maana kwenu habari ni nyingine. Ruta ndogo zinazogawa intaneti mjini Uvira na kandokando ya barabara kuu hubeba Linux, na historia ya Linux na kumbukumbu inastahili kusimuliwa. Linus Torvalds alipotoa toleo la kwanza, Septemba 1991, lilikuwa na mistari ya msimbo kama 10,000, na kompyuta yake ilikuwa na RAM ya megabaiti 4. Kufikia mwisho wa mwaka huo mtu mmoja wa Ujerumani mwenye megabaiti 2 tu alilalamika kwamba hawezi kufanya kazi, na Torvalds akaongeza uwezo wa kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski. Mtu mwenye kidogo alisema, kerneli ikabadilika. Mwanzoni mwa 2025 mistari ilipita milioni 40, na sauti za wenye kidogo zimekuwa chache mezani.

Angalieni yaliyozipata ruta. Mwaka 2005 kampuni ya Linksys ilipotoa toleo la 5 la ruta yake WRT54G, ilipunguza RAM kutoka megabaiti 16 hadi 8 na flashi kutoka 4 hadi 2. Linux haikuenea tena. Wakaweka mfumo mwingine, VxWorks, na waliotaka Linux wakauziwa ruta nyingine, WRT54GL. OpenWrt, mfumo huru wa ruta ambao wengi wenu mnaujua, ulizaliwa juu ya WRT54G mwaka 2004. Miaka 17 baadaye, Septemba 2021, toleo la OpenWrt 21.02 lilitangaza kwamba kiwango cha chini sasa ni flashi ya megabaiti 8 na RAM ya 64. TP-Link TL-WR841N na TL-MR3420, ambazo matoleo yake mengi yana flashi 4 na RAM 32, zikabaki nje. Hazikuharibika. Taa zake zinawaka, redio zake ni nzima, lakini hakuna tena anayeziba matundu ya usalama yanayogunduliwa kila mwezi. Watunzaji wa OpenWrt siwalaumu. Ni watu wachache na wengi wao hujitolea. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa nini kiende jalalani ulifanyika bila yeyote anayetoka huku kuhesabiwa, na ruta iliyotupwa Ulaya ndiyo inayouzwa Uvira kama mali nzuri.

Je, Linux inaweza kurudi ndani ya megabaiti 32? Inaweza, kwa kazi ya uangalifu. Yapo yasiyokwepeka. Kerneli hugawa RAM kwa kurasa za kilobaiti 4, na kwa kila ukurasa huweka kumbukumbu yake yenyewe, baiti 32 kwenye prosesa za biti 32. Ruta ya megabaiti 32 ina kurasa 8,192, kwa hiyo kilobaiti 256 zimeondoka kabla ya kazi kuanza. Kila mchakato una staki ndani ya kerneli, kilobaiti 8 kwenye prosesa nyingi za aina hiyo. Michakato 40 ni kilobaiti 320. Kwa hiyo kupunguza huduma zinazoamka bila kuitwa ni kupunguza kerneli yenyewe.

Na yapo yanayokatwa. Kerneli ina amri ya make tinyconfig, inayozima karibu kila kitu. Unaanzia hapo na kuongeza kimoja kimoja unachoweza kukitetea. Watu wengi hufanya kinyume: wanachukua usanidi wa kompyuta kubwa na kuondoa wanachokitambua, na wasichokitambua kinabaki kula. Majina ya ndani ya kerneli yanayotumika kutafuta makosa hula mamia ya kilobaiti. Ujumbe wa printk, yaani taarifa ambazo kerneli hujiandikia, nao ni maandishi mengi ambayo kwenye ruta iliyofungwa ukutani hakuna anayeyasoma, ingawa mimi ningeyaacha kwenye kifaa cha majaribio na kuyazima kwenye kile cha kupeleka kazini. Nje ya kerneli, maktaba ya musl na programu ya BusyBox hufanya kazi ya vitu vikubwa mara nyingi zaidi. Na zram, iliyoingia rasmi mwaka 2014, hubana kurasa zisizoguswa ndani ya RAM yenyewe, ikilipa kwa muda kidogo wa prosesa.

Wapo waliojitahidi kwa miaka kuifanya Linux ndogo, nami nataka mjue majina yao. Matt Mackall alianzisha Linux-tiny mwaka 2003, na mgawaji wake mdogo wa kumbukumbu, SLOB, aliingia kwenye Linux 2.6.16 mwaka 2006. Nicolas Pitre aliendelea na kazi ya namna hiyo. Yeye ndiye aliyewezesha saa za POSIX kuachwa nje ya kerneli, na aliyeufufua mfumo wa faili wa cramfs ili programu ziendeshwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kunakiliwa. Pendekezo lake la kuandika upya kwa udogo sehemu inayosimamia terminali za maandishi lilikataliwa, kwa kuwa watunzaji hawakutaka kulea matoleo mawili ya kitu kimoja. SLOB nayo iliondolewa katika Linux 6.4, mwaka 2023. Nafasi yake imechukuliwa na chaguo liitwalo SLUB_TINY, na maelezo yake yanasema wazi kwamba halifai kwa mashine yenye zaidi ya megabaiti 16. Fundi wa ruta ya 32 alizime. Wa ubao wa 8 aliwashe. Chini ya megabaiti 8 ushauri wangu ni kuiacha Linux na kuchukua Zephyr, FreeRTOS au ThreadX. Kuisukuma Linux mpaka huko ni kazi ya ubingwa, na sisi tuna mito ya kupima.

Nimesema sana juu ya kukata; sasa niseme juu ya yasiyofaa kukatwa. Mita za umeme za malipo ya kabla, zile za LUKU Tanzania na za tokeni Kenya, hufuata kanuni iitwayo STS. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake muda ilipotolewa, kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na muda huo ulipewa biti 24. Biti 24 ni dakika 16,777,216. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imewekewa tokeni maalumu za kuibadilisha ingekataa kila tokeni mpya, na mashirika ya umeme yakalazimika kuwafikia wateja kwa mamilioni. Waliochagua biti 24 walikuwa na sababu nzuri: tokeni fupi, mita rahisi. Lakini mita iliishi kuliko walivyodhani. Kifaa chetu kikiwekwa mtoni kitaachwa pale kwa miaka. Hesabuni kila namba itajaa lini, muiandike tarehe hiyo ndani ya kasha.

Kibaya zaidi ni kukata ukaguzi. Desemba 2020 watafiti wa kampuni ya Forescout walitangaza udhaifu 33 waliouita AMNESIA:33, katika mifumo midogo ya mawasiliano, uIP ikiwa mojawapo, iliyokuwa ndani ya mamilioni ya vifaa. Mwingi ulitokana na jambo moja: msimbo haukukagua vizuri data iliyoingia, kwa mfano kama urefu uliotajwa na pakiti ndio urefu wa pakiti yenyewe. Nimemsifu Dunkels na sifa zangu sizirudishi, lakini uIP ya zamani isiingie kwenye kifaa kinachofikiwa kutoka nje. Mistari inayokagua urefu, inayolinda mwisho wa staki, inayowasha upya kifaa kilichokwama, na ile inayothibitisha kwamba sasisho limetoka kwa mwenyewe, hiyo yote ihesabiwe kwanza, kabla ya kipengele chochote. Kama haienei, punguza kipengele.

Kuna swali ambalo nimeulizwa kila ninapozungumza haya: kwa nini tusisubiri RAM ishuke bei, tununue vifaa vikubwa? Kwanza, bei haishuki kwa ahadi. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za RAM zilipanda kwa kasi, viwanda vilipogeuzia uzalishaji kwenye kompyuta za akili bandia. Pili, RAM ikiongezeka programu huijaza. Android Go ilipotangazwa mwaka 2017 ilikusudiwa simu za megabaiti 512 hadi gigabaiti 1; kufikia Android 13, mwaka 2022, ilitaka gigabaiti 2. Na tatu, hata kama DRAM ingegawiwa bure pale Kavimvira, umeme wa kuiandika upya usiku kucha juu ya mlima hautagawiwa.

Kwa hiyo naomba tuanze na lililo karibu. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, vijana wawili wapande mpaka pale Sange unapotoka milimani wakiwa na redio mbili za LoRa na betri, mmoja abaki juu, wa pili ateremke nayo kuelekea barabara kuu akiandika ni wapi mawasiliano yanakatika. Jibu lao litatuambia kama kifaa kimoja chatosha au kinahitajika cha kupokezana katikati. Cha kupokezana hakiwezi kulala kama cha mtoni, kwa sababu lazima kisikilize. Kitahitaji betri yake, paneli yake, na bajeti yake ya kumbukumbu, na hiyo hatuwezi kuipanga tukiwa tumekaa hapa. Walimu wa hesabu nao waanze kuwapa wanafunzi kazi ya kugawa kilobaiti 20 kwa karatasi na kalamu: kerneli ipate ngapi, redio ngapi, wiki ya vipimo ngapi, akiba ya staki ngapi. Karatasi hizo nitazipitia moja moja pamoja na wanafunzi wenyewe, na zile zilizosahau akiba ya staki zitarudishwa.